Moyo kushindwa kwa mgonjwa wa figo: nini hasa kinachoshindwa

Nje ya vyumba vya kusafisha damu kuna swali ambalo ndugu wa wagonjwa huliuliza sana. Mzee ana tatizo la figo, anahudhuria mashine bila kukosa, na leo daktari anasema moyo nao umeshindwa. Huo ugonjwa wa pili umetoka wapi tena? Mara nyingi haukutoka popote. Ulikuwa unakua kimyakimya sambamba na ule wa figo, pengine miaka mingi kabla mgonjwa hajaiona hiyo mashine.

Moyo ulioshindwa hausimami. Unaendelea kudunda, ila hausukumi damu ya kutosha mahitaji ya mwili, au unaisukuma kwa gharama kubwa: presha ndani ya vyumba vyake inapanda, damu inafanya foleni nyuma yake, na maji yanavuja kwenye mapafu, tumbo na miguu. Mtu huanza kukatika pumzi akipanda ngazi. Baadaye hawezi kulala chali. Anaongeza mto wa pili, wa tatu, halafu usiku anaamka ghafla na kukaa kitandani akitafuta hewa. Ukibonyeza mguu juu ya kifundo, kidole kinaacha shimo.

Tatizo ni kwamba dalili zote hizo zinaweza kuletwa na figo peke yake. Mtu asiyekojoa hujaa maji hata kama moyo wake ni mzima kabisa. Kwa hiyo, tunaposema mgonjwa wa figo ana moyo ulioshindwa, huwa tunazungumzia mambo mawili yaliyolaliana: maji yaliyozidi, na msuli wa moyo uliobadilika. Mashine huyatoa maji kwa saa chache. Msuli hauguswi na mashine kwa namna hiyo, na ukiyachanganya mambo haya mawili, mengi yanayosemwa wodini hayataeleweka.

Tuanze na uhusiano wenyewe. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Sehemu moja kati ya tano, au zaidi kidogo, huenda moja kwa moja kwenye figo mbili ambazo uzito wake kwa pamoja haufiki hata nusu kilo. Figo hazipewi damu yote hiyo kwa ajili ya chakula chake; hupewa ili ziichuje. Ndani yake kuna chembe zinazopima nguvu ya damu inayoingia. Nguvu ikishuka, figo hutoa kemikali iitwayo renini, nayo huanzisha mlolongo wa homoni: mishipa inabana, chumvi inabaki mwilini, na maji yanaifuata chumvi. Kwa mtu aliyepoteza damu katika ajali, huo ni uokozi. Kwa mtu ambaye moyo wake umechoka, ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kuelemewa, kwa sababu figo hazina njia ya kujua kuwa damu imepungua kwa uchovu wa pampu wala si kwa kumwagika.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa moyo huumiza figo kwa njia moja tu, yaani kwa kupeleka damu kidogo. Siku hizi inajulikana kuwa foleni ya upande wa kurudi nayo ina uzito mkubwa. Damu ikirundikana kwenye vena, yaani mishipa inayoirudisha damu moyoni, presha ndani ya figo inapanda na uchujaji unapungua, hata kama damu inayoingia si haba. Ndiyo maana mgonjwa aliyevimba akipewa dawa ya kukojoza, wakati mwingine kreatinini yake, ile taka ya damu inayopanda figo zinaposhindwa kuchuja, hushuka badala ya kupanda, jambo linalowashangaza wanaodhani kila dawa ya kutoa maji huzikausha figo.

Mwaka 2008 Claudio Ronco na wenzake waliyagawa mahusiano haya katika aina tano: moyo kuumiza figo ghafla, moyo kuumiza figo taratibu, figo kuumiza moyo ghafla, figo kuumiza moyo taratibu, na ugonjwa wa tatu, kama kisukari au maambukizi makali ya damu, unaoviharibu vyote viwili. Mgawanyo huo ni mzuri kwa kujazia faili. Ukiwa na mgonjwa mwenye presha na sukari ya miaka ishirini, kujua nani alianza ni kazi ngumu, na mara nyingi haibadilishi utakachomfanyia kesho asubuhi.

Wala si jambo jipya. Richard Bright, daktari wa Guy's Hospital, London, alichapisha mwaka 1836 taarifa za wagonjwa 100 wenye protini kwenye mkojo, na maiti zao zilipopasuliwa, wengi walikutwa na moyo uliokuwa mkubwa kupita kawaida. Wakati huo hakukuwa na kipimo cha presha cha kufunga mkononi, seuze mashine ya kusafisha damu. Alichokiona kwa macho ndicho kinachoonekana leo kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Katika utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 1995, karibu robo tatu ya watu waliokuwa wanaanza kusafishwa damu tayari walikuwa na ukuta mnene wa chumba cha chini cha kushoto cha moyo, na karibu theluthi walikuwa na moyo ulioshindwa. Hiyo ni kabla mashine haijawa na nafasi ya kulaumiwa.

Ukuta huo hunenepaje? Msuli wa mkono wa kuli hunenepa kwa kubeba magunia, na moyo unaosukuma damu dhidi ya presha kubwa kila siku hunenepa vivyo hivyo. Ila kuli anapata faida; moyo unapata hasara. Ukuta ukinenepa, nafasi ya ndani inapungua, msuli unakuwa mgumu, na moyo haulegei vizuri kupokea damu. Juu ya presha kuna mambo mengine. Figo zikiharibika hupunguza homoni inayouambia uboho utengeneze damu, hivyo mgonjwa anapungukiwa damu na moyo unalazimika kuizungusha haraka zaidi ile iliyopo. Fosforasi isiyotolewa huchangia kalsiamu kujikusanya kwenye kuta za mishipa, ambayo inakakamaa. Hata fistula, ile njia inayotengenezwa mkononi kwa ajili ya mashine, inaweza kuongeza kazi: ni njia ya mkato ya damu kutoka ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kwenda vena, na ikiwa imepanuka kupita kiasi inaweza kuvuta zaidi ya lita moja na nusu kwa dakika kutoka kwenye zile lita 5. Kwa wengi haileti shida. Kwa moyo uliokwisha kuchoka, inafaa mtu aipime.

Sasa twende kwenye mizani, kwa sababu kwenye chumba cha kusafisha damu hakuna chombo kinachohusu moyo kuliko hiyo. Kila mgonjwa ana kile kiitwacho uzito mkavu: kilo alizonazo asipokuwa na maji ya ziada, presha ikiwa imetulia, bila kuvimba na bila kukakamaa misuli. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Chukua mtu ambaye uzito wake mkavu ni kilo 60. Jumatatu anapanda mizani, inasoma 64.5. Ana lita 4.5 za kutolewa. Kiwango ambacho wataalamu wengi hawapendi kukivuka ni mililita 13 kwa kila kilo kwa saa, yaani kwa mtu huyu mililita 780 kwa saa. Kwa kipindi cha saa nne, hizo ni lita 3 na kidogo. Ukilazimisha zote 4.5 zitoke ndani ya saa hizo nne, unavuka lita moja kwa saa. Presha inaporomoka, miguu inakakamaa, na vipimo vya eko vilivyofanywa katikati ya kipindi vimeonyesha sehemu za ukuta wa moyo zikipoteza nguvu kwa muda kwa kukosa damu. Hilo likijirudia, sehemu hizo huishia kudhoofika kabisa. Ukiacha lita moja na nusu ndani, mgonjwa anarudi nyumbani na mzigo. Njia ya tatu ni kukaa kwenye mashine karibu saa sita, na hapo ndipo zamu ya mgonjwa anayefuata, dizeli ya jenereta na malipo ya bima vinapoingia kwenye mazungumzo ya kitabibu.

Uzito mkavu wenyewe nao unadanganya. Mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula hukonda. Nyama zimepungua kilo tatu, lakini kadi bado imeandikwa 60 na mizani inasoma 60, kila mtu anaridhika. Kilo tatu zilizojaza pengo ni maji. Usiku anashindwa kulala chali, anapelekwa hospitali, na pengine anatibiwa homa ya mapafu. Ukiona suruali inalegea kiunoni huku uzito haushuki, mwambie muuguzi.

Urefu wa mapumziko nao una hesabu yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, kwa wagonjwa wanaosafishwa mara tatu kwa wiki, ulionyesha kuwa vifo na kulazwa kwa sababu ya moyo huongezeka baada ya lile pengo refu la mwishoni mwa wiki. Nchini Kenya, bima ya taifa ilikuwa kwa miaka kadhaa ikilipia vipindi viwili kwa wiki, na kwingi Afrika Mashariki viwili ndivyo vinavyowezekana. Mtu wa Jumatatu na Alhamisi ana pengo la siku nne kila wiki.

Ndiyo maana chumvi ina uzito kuliko maji yenyewe. Wagonjwa huambiwa wapunguze kunywa, wanateseka na kiu, wanashindwa, halafu wanagombezwa. Lakini gramu 8 za chumvi huhitaji takriban lita moja ya maji ili damu ibaki katika ukolezi wake, na mwili utaidai lita hiyo kwa kiu isiyozuilika. Chumvi ya kupikia ni sehemu tu. Iko kwenye vile vipande vya kukolezea mchuzi, kwenye mkate, kwenye papa na ng'onda, na kwenye ile ya kunyunyizia embe bichi. Anayepunguza chumvi hupigana na kiu ndogo zaidi.

Upande wa vipimo, tahadhari mbili. Eko ikifanywa mgonjwa akiwa amejaa maji huonyesha moyo mbaya kuliko ulivyo. Afadhali ifanywe baada ya kusafishwa. Na asilimia ya damu inayotoka kila pigo ikisomeka 60, hiyo peke yake haimaanishi moyo ni mzima. Ule moyo mnene na mgumu husukuma vizuri kidogo unachopokea. Kinachoshindwa ni kupokea.

Kuhusu dawa nitagusa machache. Dawa kama enalaprili na losatani hulinda moyo na figo, na kreatinini kupanda kidogo baada ya kuzianza si lazima iwe sababu ya kuziacha. Kinachotazamwa kwa makini ni madini ya potasiamu kwenye damu. Dapagliflozini na wenzake, waliotengenezwa kwa ajili ya kisukari, wamethibitika tangu 2019 na 2020 kupunguza madhara ya moyo kushindwa na kuchelewesha figo kufa, hata kwa wasio na sukari, lakini faida hiyo ilipimwa kwa watu ambao figo zao bado zinafanya kazi kiasi. Na kuna dawa ambayo mimi ningeitoa mikononi mwa kila mgonjwa wa aina hii: diklofenaki inayonunuliwa dukani kwa maumivu ya mgongo. Huifanya chumvi ibaki mwilini, hubana damu inayoingia kwenye figo, na vidonge vya siku chache vinaweza kumpeleka mtu wodini.

Zamani moyo dhaifu ulikuwa sababu ya kumkatalia mgonjwa kupandikizwa figo. Mwaka 2005, madaktari nchini Marekani walichapisha habari za wagonjwa 103 waliopandikizwa wakiwa na moyo ulioshindwa, wastani wa ile asilimia ya damu inayotoka kila pigo ukiwa 32 hivi. Baada ya mwaka mmoja wastani ulifika 52. Tanzania imekuwa ikipandikiza figo nyumbani tangu Muhimbili ilipofanya ya kwanza mwaka 2017, kwa hiyo suala hili si la waendao India tu. Katika wale 103, kadiri mtu alivyokuwa amekaa muda mrefu kwenye mashine kabla ya kupata figo, ndivyo uwezekano wa moyo wake kurudia hali ya kawaida ulivyopungua.