Mbwa anayebwekea wenzake hagombei ukubwa

Ukipita jioni na mbwa wako, akaanza kubwekea kila mbwa anayetokea mbele, hakosekani mtu wa kukwambia: "Huyo anataka ubosi. Mwonyeshe nani mkubwa." Basi kamba inavutwa kwa nguvu, mbwa anakemewa, pengine anachapwa.

Wazo hilo lina historia. Mwaka 1947 mtafiti Schenkel wa Uswisi alieleza tabia za mbwa mwitu (wale waitwao "wolf" kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel. Waligombania vyeo, na watu wakaihamishia hadithi hiyo kwa mbwa wa nyumbani. Lakini mwaka 1999 David Mech, Mmarekani aliyewafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, aliandika kwamba kundi la kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Hakuna kiti cha kupigania.

Mara nyingi anayebweka ana hofu, au ana hamu ya kumfikia mwenzake na kamba inamzuia. Kwa mwenye hofu, kubweka kunalipa: yule mwingine hupita zake, naye huona amemfukuza. Ukimkaba shingo kila mara, anajifunza na jingine, kwamba mbwa wengine huja na maumivu.

Kinachosaidia ni umbali. Vuka barabara mapema, kabla hajakakamaa, na kila anapomwona mwenzake akanyamaza, mpe kipande cha kitu anachokipenda hasa, kama maini ya kuchemsha. (Ugali mkavu hautoshi, niamini.) Sogea karibu taratibu, kwa majuma si kwa siku. Akibweka, mmekaribia mno. Rudini nyuma hatua kadhaa.