Kupiga picha mbio za saa 24 za Le Mans: kasi husomwa kwenye gurudumu

Ninapotazama picha ya gari la mbio, kitu cha kwanza ninachokagua ni magurudumu, kabla sijaangalia rangi ya gari wala namba yake. Kama spoku za rimu zinahesabika moja moja, gari hilo kwa mtazamaji limesimama, hata kama lilikuwa likienda kilomita 250 kwa saa wakati kitufe kinabonyezwa. Wapiga picha wengi wanaofika kwenye mbio kwa mara ya kwanza wameshaambiwa kwamba kitu kinachokimbia kinataka shata ya haraka (shata ni pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga), kwa hiyo huiweka kwenye 1/2000 ya sekunde na kuiacha hapo hadi Jumapili. Wanarudi nyumbani na mamia ya picha zilizo kali kila pembe, na ndani yake magari yanaonekana yameegeshwa katikati ya njia. Katika makala hii nitaeleza jinsi ninavyochagua kasi ya shata, mahali pa kusimama na saa ya kufika hapo, kwa mfano wa mbio za Le Mans nchini Ufaransa, ambazo zilianza mwaka 1923 na huandaliwa na Automobile Club de l'Ouest katikati ya mwezi Juni. Njia yake ina urefu wa kilomita 13.626, sehemu yake kubwa ni barabara za umma, na katika miaka ya karibuni magari 62 ya madaraja matatu yamekuwa yakishindana humo kwa pamoja.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoondoa kubahatisha. Tairi la gari la daraja la juu, yaani Hypercar, lina kipenyo cha sentimita 71 hivi, na mzingo wake ni zaidi kidogo ya mita 2.2. Gari likienda kilomita 200 kwa saa hukata karibu mita 56 kila sekunde, na gurudumu huzunguka mara 25 katika sekunde hiyo. Ukitumia 1/1000 ya sekunde, gurudumu litazunguka nyuzi 9 tu, na spoku zitabaki zimesimama. Kwa 1/250 litazunguka nyuzi 36, na kwa 1/125 nyuzi 72, ambapo spoku huyeyuka na kuwa duara moja linalong'aa. Sasa hamia kwenye kona ya Arnage, mojawapo ya kona za polepole kabisa katika njia hiyo, ambako magari hupita kwa takriban kilomita 80 kwa saa. Hapo gurudumu huzunguka mara 10 tu kwa sekunde, na ile 1/125 iliyokufaa kwingine sasa inatoa nyuzi 29 pekee. Ili upate mzunguko uleule, inakubidi ushuke hadi 1/50. Kwa hiyo gari linapopunguza mwendo, shata nayo ipunguzwe, na kila unapohama kona unaanza hesabu upya. Huko Arnage, ambako gari linaonekana rahisi kunaswa, ndiko wengi hupata picha zilizokufa.

Shata ikishuka, kazi inahamia mwilini. Ninasimama miguu imepanuliwa, nyayo zikielekea mahali ninapotaka gari liwe wakati wa kupiga, kisha ninazungusha kiuno kurudi upande gari linakotokea. Ninalishika gari kwenye kitazamio likiwa bado mbali, ninalifuata kwa mwendo wake, ninabonyeza bila kusitasita, na ninaendelea kulifuata hata baada ya shata kujifunga, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho hadi akate kona. Anayesimamisha mikono mara tu anapobonyeza huiharibu picha katika sehemu ya mwisho ya mfiduo, yaani muda ambao shata iko wazi. Fokasi ninaiweka kwenye jambo moja dogo, mara nyingi kioo cha pembeni au namba ya mlangoni, na sehemu hiyo ndiyo ninayoilinda kwa macho muda wote. Lenzi yako ikiwa na kituliza mtikisiko, kiweke kwenye hali ya kufuata kitu kinachopita, ili kisishindane na mwendo wako wa makusudi.

Mahali pa kusimama pana uzito kuliko lenzi. Gari linapokupita kwa mstari ulionyooka, umbali kati yako na pua yake hubadilika tofauti na umbali kati yako na mkia wake, na ndiyo maana kwa 1/40 utapata taa ya mbele iliyo kali huku bawa la nyuma limesambaa. Kama unaweza kupata sehemu ambapo njia inapinda kukuzunguka, gari hubaki katika umbali uleule kwa muda mrefu zaidi na lote hutoka kali. Halafu kuna suala la kilicho nyuma ya gari, ambalo watu hulisahau. Ukipiga kutoka juu ya tuta ukitazama chini, nyuma ya gari kutakuwa na lami tupu, na lami ya kijivu haitoi mistari hata ukitumia 1/15. Ukishuka chini, nyuma ya gari kunaingia miti, watazamaji wenye nguo za rangi, mabango na hema, na hivyo ndivyo vinavyogeuka kuwa mistari inayolisukuma jicho. Kwa sababu hiyo napenda sana sehemu inayoteremka kutoka daraja la Dunlop kuelekea kona ya Tertre Rouge: unafika kwa miguu, kuna tuta la kukuinua juu ya uzio unapotaka, na nyuma ya magari kuna kitu chenye uhai.

Asiye na kitambulisho cha mwanahabari atapiga akiwa nyuma ya uzio, na sioni kwamba hilo ni la kulalamikiwa. Tarehe 11 Juni 1955 gari la Pierre Levegh, Mercedes-Benz 300 SLR, lilirushwa kuelekea kwa watazamaji kwenye mnyoofu wa mbele ya gereji, na zaidi ya watu 80 waliuawa. Uzio na umbali tunaouona leo vina sababu. Waya wenyewe unaweza kuufanya usionekane. Sogeza lenzi ndefu karibu kabisa na uzio, ifungue hadi f/4 au zaidi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana), subiri gari likiwa mbali kiasi, na nyuzi za waya zitapotea. Shata ya polepole husaidia pia, kwa sababu kamera inapozunguka, waya nao unafagiwa.

Lakini hapo ndipo mwanga wa mchana unapoleta mgongano. Jua likiwa wazi na ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, ikiwa 100, kipimo sahihi ni karibu 1/100 kwa f/16. Ukitaka 1/30 itakubidi ufunge lenzi kupita f/22, kiwango ambacho lenzi nyingi hazifiki, na hata zinazofika hutoa picha laini yenye kila chembe ya vumbi iliyolala kwenye sensa. Uwazi wa f/4 unaouhitaji kuufuta uzio huwezi kuupata kabisa. Dawa yake ni kichujio cha kupunguza mwanga. Kinachokata mwanga hadi moja ya nane hukuwezesha kupiga 1/30 kwa f/10, na kwa kuupita uzio unahitaji kilicho kizito zaidi ya hicho. Kama bajeti inakuruhusu kununua kitu kimoja tu kabla ya safari, ningekushauri ununue vichujio na uache ile lenzi kubwa ya ndoto zako.

Mbio huanza Jumamosi saa kumi alasiri, lakini magari huwa njiani tangu Jumatano kwa mazoezi na kupanga nafasi, na Jumatano na Alhamisi yapo mazoezi ya usiku. Siku hizo ndizo shule yako. Ijumaa magari hayakimbii, na madereva hupitishwa katikati ya mji mbele ya watu, siku nzuri ya kupiga nyuso. Anayetoka kwenye Safari Rally ya Naivasha atahisi tofauti mara moja: kule gari linapita mbele yako ndani ya vumbi na limekwenda, ilhali hapa lile lile linarudi baada ya dakika tatu na nusu. Gari lililoshinda mwaka 2025 lilizunguka mara 387. Kwa hiyo thubutu. Picha nyingi za 1/30 zitaharibika kwa kila mtu, na mbio hizi zina nafasi ya kuharibu na kurudia.

Kurudia huko kunaleta picha ninayoithamini kuliko zote za mchana. Hypercar humaliza mzunguko kwa muda mfupi kuliko gari la LMGT3, daraja la polepole zaidi, kwa karibu nusu dakika, na hivyo hulifikia tena na kulipita kila baada ya mizunguko saba au minane hivi, mara nyingi ndani ya kona. Magari mawili yakiwa sambamba kwa mwendo tofauti, huwezi kuyafuata yote. Chagua moja. Ukilifuata lile la haraka kwa 1/60, la polepole litavutika kurudi nyuma kama sehemu ya mandhari, na tofauti ya kasi kati yao itasomeka bila maelezo. Picha ya gari moja haiwezi kusema hivyo.

Sisi tuliozoea jua linalozama saa kumi na mbili jioni na giza kuingia upesi, tunapaswa kupanga upya ratiba yetu. Katikati ya Juni jua la Le Mans huzama karibu na saa nne usiku, tena linashuka kwa mshazari, na mwanga wa dhahabu hudumu kwa muda ambao pwani yetu haiupati. Saa kumi alasiri, mbio zinapoanza, jua bado liko juu na vivuli ni vikali. Ninashauri kula, kupumzika na kuhifadhi nguvu wakati huo, kisha kuwa umeshafika mahali pako saa mbili na nusu usiku. Msongamano wa kwenda kwenye kona za Arnage na Indianapolis ni mkubwa, na anayengoja hadi mwanga upendeze ndipo aondoke atautazama ukizimika akiwa njiani.

Usiku, Indianapolis ndiyo yangu. Magari ya Hypercar hufika hapo yakiwa yamevuka kilomita 300 kwa saa, na yanapokanyaga breki diski za kaboni huwaka rangi ya chungwa iliyoiva, zikionekana kati ya spoku kwa muda mfupi sana kabla ya kupoa. Ninatumia f/2.8, ISO 3200 na shata kati ya 1/60 na 1/30, nikilipiga gari kutoka ubavuni au likiwa limeshanipita kidogo, kwa sababu kutoka mbele taa zake hufunika kila kitu. Fokasi otomatiki huchanganywa na taa hizo. Ninailenga mapema kwenye ukingo uliopakwa rangi, mahali ninapojua gari litapita, kisha ninaifunga. Mambo mawili ya kiufundi yanahitaji tahadhari hapa. Shata ya kielektroniki katika kamera nyingi husoma sensa mstari kwa mstari, na gurudumu la duara hutoka limepinda, kwa hiyo ninabaki na shata ya kimakanika. Vilevile namba zinazong'aa ubavuni huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, na kwa 1/1000 utapata namba kwenye picha moja na kuikosa kwenye inayofuata. Shata ya polepole huliondoa tatizo hilo lenyewe.

Mvua ikinyesha, kanuni inageuka kidogo. Ukungu wa maji unaorushwa na matairi tayari unaonyesha kasi, na kwa 1/250 matone huonekana kama matone, hasa mwanga ukitokea nyuma yake. Mwaka 2024 mvua ilisababisha magari yakae nyuma ya gari la usalama, linaloyaongoza kwa mwendo wa polepole, kwa saa nyingi, na mshindi alimaliza mizunguko 311 tu. Wakati kama huo using'ang'anie njia. Geukia watazamaji waliojifunika makoti na mekanika wanaosinzia gerejini.

Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi, na wengi huwa wamelala. Ni hasara, kwa sababu asubuhi ndiyo inayoonyesha mbio zimefanya nini. Pua ya gari imejaa wadudu, rangi ya mlango imefunikwa na vumbi jeusi la breki na raba, tepu imebandikwa palipopasuka. Ninapenda kulipiga gari moja mahali pamoja, Jumamosi likiwa safi na Jumapili likiwa hivyo, na kwa picha hiyo ya pili ninaruhusu shata ya haraka, 1/1000 au zaidi, kwa kuwa sasa uchafu ndio habari na mtazamaji anapaswa kuuona chembe kwa chembe.

Picha ya haraka ina kazi nyingine pia, nayo ni ushahidi. Ferrari 499P nyekundu namba 51 ilishinda mwaka 2023, na dada yake namba 50 ikashinda mwaka 2024. Kwa 1/30 namba hizo mbili hufutika, na maelezo chini ya picha yakikosewa, picha haina thamani kwa mhariri. Mwaka 2025 mambo yalikuwa rahisi kidogo, kwani namba 83 iliyoshinda, ya Robert Kubica, Ye Yifei na Phil Hanson, ilikuwa ya manjano. Mimi kila baada ya mfululizo wa picha za polepole ninapiga moja ya haraka ya gari lilelile, namba ikionekana wazi. Na kabla ya mazoezi ya kwanza ninalinganisha saa ya kamera na saa rasmi ya mbio, ili baadaye niweze kujua kila picha ilipigwa gari likiwa nafasi ya ngapi. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam airudishe kamera yake nyuma saa moja, kwa sababu Ufaransa wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa kiasi hicho, na kama una kamera mbili zilinganishe zote mbili siku hiyohiyo.