shadcn: "maktaba" isiyo maktaba

shadcn ni zana ya kuleta vipande vya kiolesura vilivyo tayari, kama vitufe, kwenye mradi wa React (maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa). Ukiandika `npx shadcn@latest add button` kwenye terminali, kazi inayofanyika ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mkanganyiko wote unaanzia hapo. Yafuatayo ni madai ya kawaida kuihusu, na majibu yangu.

"Ni maktaba kama nyingine." Siyo. Maktaba ya kawaida hukaa ndani ya `node_modules`, folda ya vifurushi vilivyopakuliwa. Unaiita ukiihitaji, lakini ndani yake hugusi. Zana hii, iliyotoka mwaka 2023, inafanya jambo jingine: inasoma `components.json`, faili lililoundwa ulipoendesha `init`, inajua folda zako ziko wapi, kisha inanakili msimbo wa kitufe hadi kwenye mradi wako, kwa kawaida `components/ui/button.tsx`. Lifungue faili hilo. Utakuta klasi za Tailwind (za kupanga mwonekano) na aina za kitufe: `default`, `outline`, `ghost` na wenzake. Huitaki `ghost`? Futa mistari yake. Huna wa kumwomba ruhusa.

"Basi haileti vitegemezi," yaani vifurushi vingine ambavyo msimbo unavihitaji. Inaleta. Kilichonakiliwa aghalabu ni ngozi tu. Mambo magumu, kama vile dirisha kufungika kwa Esc au Tab kuzunguka humo humo bila kutorokea nyuma yake, hufanywa na maktaba halisi kama Radix, ambazo zana inaziandika kwenye `package.json` yako, faili lenye orodha ya vitegemezi. Hizo ndizo unazosasisha kwa njia uliyoizoea.

"Kurudia `add` ndiyo kusasisha." Hii imeniuma mwenyewe. Nilikuwa nimebadilisha kimo cha vitufe na kuongeza hali ya kusubiri, ile duara inayozunguka mtumiaji akishabonyeza. Wiki kadhaa baadaye nikahitaji `alert-dialog`, kidirisha cha onyo. Kwa haraka zangu nikaweka `--overwrite` ili zana isinisumbue kwa maswali. Nilichosahau ni kwamba `alert-dialog` hutumia `button`, kwa hiyo zana ikaleta na kitufe kipya, ikakiandika juu ya changu. Hakuna kosa lililojitokeza hadi nilipoendesha `git diff`, amri inayoonyesha mabadiliko ya faili, nikaona mistari yangu yote imekuwa myekundu. Bila `--overwrite` ingeniuliza kwanza, nami ningejibu hapana.

Zana haiunganishi mabadiliko yako na ya kwao. Ama faili lako linabaki, ama lao linachukua nafasi yake. Kwa hiyo weka komiti (hifadhi hali ya mradi kwenye Git) kabla ya kila `add`, halafu uchague mwenyewe mistari ya kubaki. Ni kazi ya mkono, sikatai, na kwa mtu asiyekusudia kubadilisha chochote maktaba ya kawaida inafaa zaidi.

"Ni ya Next.js tu," yaani mfumo mmoja wa kujenga tovuti kwa React. Inafanya kazi pia na zana nyingine kama Vite, Astro na hata Laravel, mradi unatumia React. Watu wa Vue na Svelte, washindani wa React, wana matoleo yao, yaliyotengenezwa na watu wengine.

"Kikija kwa `add`, ni salama." `add` hupokea pia anwani ya wavuti, na mtu yeyote anaweza kuweka komponenti zake huko. Zana haikuhakikishii nia ya aliyeziandika. Kabla ya kuendesha amri, fungua anwani hiyo kwenye kivinjari: ni JSON ya kawaida. Chini ya `dependencies` utaona vifurushi vitakavyoingizwa, na chini ya `files`, msimbo utakaotua kwenye mradi wako.