"Maana ni matumizi" si "kila mtu na lake"

Wapo wanaomtaja Wittgenstein, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna, kana kwamba aliruhusu kila muumini alipatie neno "Mungu" maana aitakayo. Hakusema hivyo. Alichosisitiza ni karibu kinyume chake: mara nyingi maana ya neno ni jinsi linavyotumika katika lugha, na matumizi ni mali ya jamii. Hujifunzi peke yako chumbani, wala huyageuzi kwa kuamua tu.

Katika mihadhara yake ya Cambridge, karibu mwaka 1938, alitoa mfano mzuri. Mtu akisema kuna ndege ya Wajerumani angani, nami nikajibu "labda, sina hakika," hatujaachana sana. Tutatazama juu, yataisha. Lakini mmoja akiamini Siku ya Hukumu na mwenzake asiamini, pengo lao ni la namna nyingine kabisa. Imani ile huonekana katika anachoogopa mtu, anachojinyima, hata anavyolipa deni ambalo hakuna anayelidai. Anayeichukulia kama utabiri wa hali ya hewa ameshapotea njia.

Je, basi dini haidai ukweli wowote, ni hisia tu? Kwa maoni yangu, hapo ndipo wafuasi wengi wa Wittgenstein wanapoteleza. Kuuliza neno linatumikaje si kukana kwamba linasema jambo. Anayesilimu, akitamka shahada mbele ya mashahidi, anatangaza anachokiamini na papo hapo anajifunga nacho. Maneno yaleyale yakisomwa na mwanafunzi katika zoezi la sarufi ya Kiarabu hayamsilimishi.