Je, wajua kwa nini elektroni hugongana na molekuli ya maji bila kuikaribia?

Kwa muda mrefu niliuona mgongano huu kama mchezo wa gololi: elektroni inarushwa, ama inapiga ama inakosa. Molekuli ya maji haina chaji kwa jumla, basi niliamini kwamba elektroni ikipita kando kidogo, imepita salama. Si kweli. Chaji za maji zinalingana, lakini hazikai mahali pamoja. Upande wa oksijeni una uhasi, upande wa haidrojeni una uchanya, na mvuto wa ncha hizo mbili hutoka nje mbali sana.

Mbali kiasi gani? Hapo ndipo hesabu inaposisimua. Izungushie molekuli maduara, moja nje ya jingine. Kadiri duara linavyokuwa mbali, elektroni inayopita humo huguswa kidogo zaidi, lakini duara lenyewe ni pana zaidi na elektroni nyingi hupita humo. Ukipima vyote viwili, duara la pili linachangia takriban nusu ya la kwanza, la tatu theluthi, la nne robo.

Jaribu kwa mchele. Mimina kikombe kimoja sufuriani, kisha nusu, kisha theluthi, kisha robo. Kwa vipimo 4 umeshavuka vikombe 2. Vikombe 3 utavivuka kwenye kipimo cha 11, na vikombe 10 kwenye kipimo cha 12,367. Unatia punje chache tu, lakini hakuna sufuria itakayotosha.

Ndiyo maana waliokokotoa huku molekuli imesimama tuli walipata eneo la mgongano, yaani upana wa shabaha ambayo molekuli huwa kwa elektroni, lisilo na mwisho. Kumbe molekuli huzunguka. Elektroni inayopita mbali huchukua muda mrefu kupita, na katika muda huo molekuli imeshageuka mara nyingi: sasa uhasi, sasa uchanya, mvuto unajifuta. Mchele unakoma.

Kwa hiyo wanafizikia hugawa kazi. Karibu na molekuli huchora tufe, na ndani yake elektroni ngeni huhesabiwa pamoja na elektroni 10 za maji, maana haitofautishwi nazo. Hiyo ni kazi nzito ya kompyuta. Kwa maduara ya mbali hutosha kanuni ya mwanafizikia Max Born ya 1926, inayoichukulia elektroni kama iliyosukumwa kidogo tu njiani.

Vipimo vya maabara navyo vina mpaka. Elektroni iliyopinda kwa pembe ndogo sana huonekana kama haikupinda, hivyo eneo lililopimwa hutoka dogo, na marekebisho yake hutegemea nadharia hiyohiyo.

Kule kuzunguka kwa molekuli kunaeleza jambo jingine. Ncha zilizotulia, zikizidi debai 1.625 (debai ni kipimo cha nguvu ya ncha hizo mbili), zinaweza kuishika elektroni ikabaki nazo. Maji yana 1.85, lakini molekuli moja ya maji haiishiki. Kwa molekuli halisi zinazozunguka huhitajika karibu 2.5. Asetonitrili, kiyeyusho cha maabara chenye debai 3.92, huishika.