Mtoto ana madoa miguuni na anahema: msisubiri akohoe damu

Vaskulitisi ya IgA ni ugonjwa gani?
Kinga ya mwili, kupitia kingamwili iitwayo IgA, inashambulia mishipa midogo ya damu, nayo inavuja. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 10, mara nyingi baada ya mafua. Madoa ya zambarau hutokea miguuni na matakoni. Ukiyapapasa yameinuka, ukiyabonyeza kwa glasi hayapotei. Magoti huuma, tumbo husokota. Wengi hupona.

Mapafu yanaingiaje hapo?
Kwa nadra, mishipa huvuja ndani ya mapafu na damu ikajaa kwenye vifuko vya hewa. Hapo mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache.

Anakohoa kikohozi kikavu tu, hakuna damu. Si tumwangalie kwanza?
Hapana. Damu inaweza kujaa mapafuni lisitoke hata tone, na watoto wadogo humeza makohozi. Mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima: 40 au zaidi kwa wa miaka 1 hadi 5, zaidi ya 30 kwa aliyezidi miaka 5, mpelekeni hospitali. Viganja vikipauka kuliko jana, mpelekeni usiku huohuo.

Duka la dawa wametupa amoksilini. Tumalize dozi kwanza?
Hapana, tena hapana! Amoksilini haizuii mshipa kuvuja. Wengine huletwa midomo imeshakuwa ya bluu, chupa ya dawa ya kikohozi ikiwa imebaki nusu. Na diklofenaki ya magoti muiache. Inaumiza figo na tumbo ambavyo tayari viko hatarini.

Hospitali watafanya nini?
Oksijeni, eksirei ya kifua, na kipimo cha hemoglobini (wingi wa damu) kinachorudiwa. Hemoglobini ikishuka huku eksirei ikionyesha mawingu meupe pande zote mbili, hapo damu inashukiwa. Tiba ni methiliprednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, kwenye mshipa, miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kwa siku, isizidi gramu 1, kwa kawaida siku 3: wa kilo 20 hupata miligramu 200 hadi 600 kwa siku. Hali ikiwa mbaya huongezwa siklofosfamaidi (dawa kali ya kuzima kinga), kubadilishiwa plazma (majimaji ya damu) au mashine ya kupumulia.

Amechangamka. Tuache vidonge vya prednisoloni alivyopewa hospitali?
Msiache prednisoloni ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa sababu tezi za mwili zimelala na zinahitaji muda kuamka. Na mkojo upimwe protini na damu kwa miezi 6 angalau, hata akiwa anacheza mpira.