Klempu za kufyatua: yanayosemwa karakanani na ukweli wake

Pita kwa mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, siku ya kazi uone mbao zinavyobanwa: sashi klempu ndefu za chuma zinazokazwa kwa skrubu, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kabari, kamba. Siku hizi kati ya vyote hivyo zipo na klempu za kufyatua, zile za mkono mmoja. Unaminya kifyatulio, taya linasogea. Unagusa kitufe, linaachia. Kuna mafundi wanaoziamini kupita kiasi na kuna wanaoziita midoli, na wachache kati yao wamewahi kuchungulia ndani kuona zinabanaje.

Ndani ya mpini kuna kibamba cha chuma chenye tundu, na upau, ule mchuma mrefu unaobeba taya, unapita humo. Ukiminya, kibamba kinainama kidogo, kingo za tundu zinauma upau na kuusogeza. Kibamba cha pili kinauzuia usirudi nyuma. Hakuna skrubu, hakuna meno. Kazi yako yote imeshikiliwa na msuguano wa chuma kwa chuma.

"Ikikwama, ipake oili."

Hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, masika yakiingia upau unashika kutu, na mkono unakimbilia kopo la oili. Upau unateleza vizuri kweli, na ndiyo shida yenyewe: kibamba nacho kinateleza. Unabana fremu ya dirisha jioni, asubuhi unakuta taya limerudi nyuma kidogo na gundi imekauka kiungo kikiwa wazi. Dawa ni kukwangua gundi kavu kwa patasi kuukuu, kupitisha msasa laini kwenye kutu, kisha kufuta upau kwa kitambaa kikavu. Kama ulipaka mafuta kwa ajili ya kuhifadhi, yafute kwa tambara lenye tina (kiyeyusho cha rangi) kabla ya kubana chochote.

"Ukiminya mpaka kiganja kiume, inabana kama sashi klempu."

Haibani hivyo, na hesabu yake ni ya dakika moja. Chukua mbao mbili za mninga, urefu mita 1, unene sentimita 2.5, unaziunga ubavu kwa ubavu kwa ajili ya uso wa meza. Eneo la gundi ni sentimita za mraba 250. Kwa mbao ngumu, maelekezo ya gundi nyeupe huanzia kama kilo 12 kwa kila sentimita ya mraba, yaani kilo 3,000 kwa kiungo kizima. Klempu ya kufyatua ya ukubwa wa kati inatoa kama kilo 136. Utahitaji zaidi ya 20 kwa kiungo kimoja! Ya skrubu, hata ya kawaida tu, inapita kilo 400 bila taabu.

Kusema kweli, hakuna anayefikisha kilo hizo zote mtaani, na kiungo kilichopigwa randa kikakaa sawasawa kinashika hata kwa nguvu ndogo. Ila kama mbao zina mwanya na unategemea klempu izivute zikutane, hii siyo klempu ya kazi hiyo. Itumie kushika mbao zisihame wakati unapanga sashi klempu, kubana kibao cha mwongozo wa msumeno, au kushikilia kipande mezani badala ya kukikanyaga kwa mguu huku grainda inalia. Kwa kazi hizo sijaona mshindani wake. Mashine ikitetemesha sana, simama katikati ya kazi ukague klempu.

"Ukibana sana unaifukuza gundi yote."

Rudi kwenye hesabu hiyohiyo. Kwa klempu hizi hutaifikia nguvu hiyo. Kiungo kikavu mara nyingi ni cha fundi aliyepaka gundi kidogo mno.

"Nunua ndefu, itafanya kazi zote."

Taya linavuta kutoka pembeni mwa upau, kwa hiyo kadiri upau unavyokuwa mrefu na mwembamba ndivyo unavyopinda, nao uso wa meza unapinda pamoja nao. Ukilazimika kutumia ndefu, weka moja juu, inayofuata chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Za inchi 6 na 12 ndizo utakazozishika kila siku. Inchi zinazoandikwa ni upana wa taya likifunguliwa, siyo urefu wa upau.

"Za Kichina zote ni feki."

Chapa kubwa nyingi nazo zinatengenezewa China. Ukiwa dukani Gerezani, omba kipande cha mbao, bana, kisha vuta taya kwa mkono wa pili. Likirudi hata kidogo, rudisha kabatini. Angalia pia kama mataya mawili yanakutana sawa.

"Hata mchomeleaji anaweza kutumia."

Mwili ni plastiki, vifuniko vya taya ni laini. Cheche za grili moja zinatosha kuviyeyusha. Kwenye moto tumia vaisgripu, yaani koleo la chuma linalojifunga.

"Kazi yake ni kubana tu."

Nyingi zinaruhusu taya la mwisho kuchomolewa na kugeuzwa upande wa pili wa upau, ikawa ya kusukuma. Mteja akileta kiti kilicholegea, iweke katikati ya miguu miwili, weka vibao kulinda vanishi, minya taratibu mpaka kiungo kiachie bila nyundo. Kagua kwanza kama fundi aliyepita hakuficha msumari humo.